Chupa ya Gaulthérie Kisiwani

Wimbi la tatu ndilo lililowavunja. Mawili ya kwanza Papa Stanislas aliyakwepa, maana alikuwa ameendesha pirogi ya moteri kati ya Bukavu na Idjwi kwa miaka thelathini, lakini la tatu liliizima moteri, likainua ubavu mmoja wa pirogi na kuitupa juu ya miamba ya kisiwa kidogo kisichokaliwa na mtu. Stanislas akaruka majini. Aliweka bega chini ya chombo ili ziwa lisikirudishe kilindini, akasukuma, na mgongo wake ukalia “ko!” Apolline aliusikia mlio ule katikati ya ngurumo.

Walikuwa watatu tu. Stanislas, mkewe Chantal aliyekuwa akipeleka unga na sabuni sokoni Idjwi, na Apolline, ambaye kazi yake ni kunyoosha viungo vya watu. Mjini wanamwita kiné. Chantal alikuwa amemwita docteur tangu bandarini, na kumkatalia hakukusaidia kitu.

Dhoruba ilikwenda zake ghafla, kama ilivyokuja. Ziwa likatulia, rangi ya kijani kibichi, na milima ikajitokeza pande zote, mirefu, kimya, mpaka Apolline akajiona mdogo mno. Simu hazikuwa na mtandao. Stanislas alilala kifudifudi juu ya gunia, akiuma meno.

“Mi nitapanda kule juu,” Apolline alisema. “Nitatafuta réseau, ao nitapungia mashua yenye itapita. Maman Chantal, iko mafuta mu sac yangu, chupa ya kahawia. Mumukande mugongo. Kidogo tu.”

“Sawa, docteur.”

Chupa ile ilikuwa na mafuta safi ya gaulthérie, kijimmea cha milima ya baridi, nchi za mbali, ambacho majani yake hubaki mabichi hata chini ya theluji. Apolline aliyapenda mafuta yale kupita kiasi. Matone mawili katika kijiko cha mawese, na wazee waliokuwa wakitambaa huinuka wakicheka. Harufu yake tamu, kali, ya chewing-gum, ilimkumbusha nyumbani kwa bibi yake kule Luvungi, ambako mti wa maua ya zambarau hutoa mizizi yenye harufu iyo hiyo. Bibi aliitia ghalani kuwafukuza wadudu wa mahindi, na mtoto aliyethubutu kuitafuna alichapwa kwanza, maelezo baadaye.

Juu ya kisiwa alikaa kwa muda wa saa tatu. Mashua mbili zilipita mbali, ndogo kabisa, na kitambaa chake chekundu hakikuonekana na mtu. Mtandao haukuja. Aliposhuka, harufu ilimpokea kabla hajawaona watu. Ilikuwa imejaa kwenye miamba yote, na moyo wake ukashtuka, kwa sababu matone mawili hayanuki hivyo.

Stanislas alikuwa amefungwa bashi, lile turubai la plastiki lililofunika unga, kuanzia makwapani hadi kiunoni, na mvuke wa joto ukimtoka. Kando yake mbabula ya makala, jiko dogo la mkaa lililokuwa pirogini, iliwaka, sufuria ikichemka. Jasho lilimtiririka. Alipumua harakaharaka, kama mtu aliyetoka kupanda miteremko ya Ngomo kwa miguu, na ubavuni mwake palikuwa na matapishi.

“Masikio yangu inaimba,” alisema. “Docteur, ni nani anapiga kengele?”

Chupa ilikuwa tupu.

“Maman, ulifanya nini?”

“Njo ulisema nimukande!” Chantal alisimama na kitambaa cha moto mkononi. “Nilimukanda muzuri. Nilimumwangia mafuta, nikaweka mayi ya moto, nikamufunga bashi, joto isitoke. Na nilimupatia aspirine mbili.”

Shuleni alikosomea Apolline, kukanda ni vidole. Kwa Chantal, na kwa kila mama wa Kivu aliyemhudumia mzazi baada ya kujifungua, kukanda ni maji ya moto na kitambaa, na ukipenda sana unakanda sana. Neno lilikuwa moja. Yeye ndiye aliyelitoa na kuondoka. Na moto ndio unaofungua ngozi kwa mafuta yale, plastiki ndiyo inayoyasukuma ndani, na aspirini ni ndugu yao wa tumbo moja. Mzee huyu alikuwa amekunywa sumu kwa mgongo.

“Tosha bashi! Tosha manguo yote! Lete sabuni!” Apolline alikuwa tayari ameanza kuifungua plastiki.

Katoni ya sabuni ilipasuliwa. Walimvuta hadi majini, wakamsugua mgongo kwa povu, wakamwagia maji baridi, wakasugua tena. Ngozi ilikuwa nyekundu na laini kama ya mtoto mchanga. Kila waliposuuza, harufu ile tamu iliinuka upya, na Apolline alistaajabu kwa hofu ya kweli: kijimmea kidogo hivyo, kisichofika hata kifundoni mwa mtu, na kimemlaza mwanaume huyu aliyebeba pirogi kwa bega.

“Anywe mayi. Pole pole, asitapike. Yote iko kwenye damu sasa, mi siwezi kuitosha. Hapana hapa. Lazima hôpital.”

“Na pirogi iko na tundu.”

“Tutaiziba.”

Chantal ndiye aliyejua kuiziba. Alichana kitenge chake, akakipaka sabuni ya mche mpaka kikawa donge la kunata, akakishindilia kwenye ufa kwa kisu. Moteri ilikuwa imekufa kabisa, basi waling'oa mbao mbili za kukalia na kuzifanya kasia. Unga wote waliutupa ziwani ili pirogi iwe nyepesi. Chantal aliutazama ukienea juu ya maji, mweupe.

“Twende wapi?” aliuliza.

“Ile mulima yenye mawingu njo Kahuzi. Tuiweke mkono wa kuume, tushuke kusini. Bukavu iko kule.”

Walipiga kasia huku jua likiwachoma. Kila baada ya mipigo mia, mmoja wao aliacha kasia, akateka maji yaliyoingia, akamnywesha Stanislas vijiko vitatu. Viganja vya Apolline vilichubuka. Pumzi za mzee ndizo zilizokuwa saa yao: zilikuwa za haraka, kisha za haraka zaidi, na mwanamke yeyote aliyewahi kukaa kando ya mgonjwa anajua uzito wa kuhesabu vile. Alianza kupayuka. Alimtazama mkewe, akamwita mama, akamwomba amsamehe kwa kupoteza mbuzi.

“Si mimi mama yako,” Chantal alisema, machozi yakimshuka bila kuacha kasia. “Mi niko muke yako. Nitazame.”

Hakumjua.

Walikuwa katikati ya ziwa, hakuna ufuko ulio karibu kuliko mwingine, mashua ya mananasi ya Idjwi ilipotokea nyuma yao. Safari hii Apolline hakupunga kitambaa. Alisimama wima juu ya pirogi inayovuja na kupiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Nahodha wa mashua ile, Isidore, aligeuza usukani bila kuuliza swali hata moja. Walimlaza Stanislas juu ya mananasi, wakamfunika, na moteri ikaguruma kuelekea rasi za Bukavu.

Hospitalini daktari alinusa mara moja tu, akaagiza serumu ya mshipani yenye bicarbonate, ya kutoa sumu damuni.

“Nani alimupakaa hii?”

Chantal alifungua mdomo. Apolline alimtangulia. “Mi njo nilisema mumukande. Sikuonyesha.”

Asubuhi ya pili yake, pumzi za Stanislas zilikuwa zimerudi kuwa za mtu aliyelala. Alifumbua macho, akatazama dari, akatazama dripu, akamtazama mwanamke aliyejikunyata pembeni.

“Chantal,” alisema. “Unga yetu iko wapi?”

Chantal alilia kwa sauti, na wagonjwa wa jirani wakageuka wote. Apolline alitoka barazani, akashika ukuta, akamshukuru Mungu kwa maneno yasiyo na mpangilio.

Chantal alimfuata huko, akipangusa uso.

“Docteur, niambie ukweli. Ile kitu ilikuwa na nguvu ya nani?”

“Ya jani, maman. Jani tu.”

Chantal alitikisa kichwa polepole, kwa heshima, akaitazama mikono yake iliyomimina chupa nzima. “Sikukuambia. Na mimi masikio inaimba tangu jana. Nilifikiri ni kilio.”

Apolline alimkaribia, akanusa. Mikunjo ya vidole, kucha, mikono ya blauzi: harufu tamu ilikuwa bado pale. Alimvua blauzi ile, akamfunga khanga yake mwenyewe, akampeleka bombani, akaomba sabuni kwa muuguzi. Akamwosha mikono, kidole kimoja kimoja, kwa maji baridi.

“Unanifanyia nini?” Chantal aliuliza.

“Nakuosha,” Apolline alisema. “Tazama vizuri nakuosha namna gani.”