Kimya cha Dakika Arobaini na Tano

Jumatano, saa moja kamili asubuhi, mtaa ulikuwa mweupe kwa vumbi lakini spika ya zahanati ilikuwa ikinong'ona tu. Fundi akapanda ngazi kwenye ukuta wa zahanati, akakuta kipima vumbi chake kimezibwa kwa kitambaa kibichi. Alikiunda yeye mwenyewe kigeuze vumbi la kiwanda cha saruji kuwa mlio: vumbi likizidi, spika inapiga kelele. Ijumaa mahakama ingesikiliza kesi ya wakazi ya kuzima tanuru la kiwanda hicho, na vipimo hivyo ndivyo ushahidi pekee.

Inspekta wa polisi aliyeitwa, mama mwenye subira ya kuudhi, alianza na mlinzi wa kiwanda.

"Mimi? Afande, ngazi yenyewe naiogopa!"

Muuza duka naye akaruka. "Mlio unanifukuzia wateja, sikatai. Lakini alfajiri mimi nalala usingizi wa pono."

Inspekta akafungua kumbukumbu za kifaa. Wiki mbili nzima, Jumatatu hadi Ijumaa, mlio ulishuka saa kumi na mbili na nusu, ukapanda saa moja na robo. Jumamosi na Jumapili haukushuka.

"Kiwanda kingetaka kimya cha kutwa," alimwambia fundi. "Huyu anataka kimya watoto wakienda shule tu. Na kitambaa kimebandikwa kwa plasta ya hospitali. Ngazi inakaa wapi?"

"Stoo ya zahanati." Fundi akanywea. "Ufunguo anao dada yangu, nesi."

Walimkuta chumba cha sindano. Hakukana.

"Binti yangu ana pumu, afande. Mlio ukipanda anashika kifua, hatoki mlangoni. 'Mama, leo nitakufa?' Ningemjibu nini?"

"Nilikiunda kwa ajili yake!" fundi alifoka.

"Ulimwambia hewa inaua, kaka. Hukumwambia avute ipi."

Inspekta alimwonea nesi huruma, tena sana. Angeweza kujifanya hakuona, ila wakili wa kiwanda alikuwa ameshaomba kumbukumbu zile zile. Akaandika ripoti.

Ijumaa kesi ilitupwa kabla ya saa nne: vipimo vimechezewa. Jumatatu spika iling'olewa. Binti wa nesi alitoka mlangoni bila kubembelezwa, akakimbia kwenda shule akicheka, mdomo wazi, katikati ya vumbi lile lile.