Sambusa Zilizoingia Hekaluni

Kabla jua halijachomoza huko Mjambere, Mwanarehema huwa tayari ana unga vidoleni. Kazi yake kila asubuhi ni kukunja manda za sambusa na kujaza kima, yaani nyama ya kusaga. Kazi ya mamake ni kukaanga na kugombana na moshi. Sambusa zao zilisifika mpaka mtaa jirani wa Junda. Mteja aliyechelewa alikuta sinia lina makombo tu, na Mwanarehema hakuchoka kuwakumbusha wenzake jambo hilo shuleni.

Alhamisi hiyo alikunja manda mbio mbio. Gredi ya Sita ilikuwa inakwenda kutembelea hekalu la Wahindu lililokuwa karibu na shule yao, na Mwalimu Kitsao alikuwa amemchagua yeye kuwa kiongozi wa safari. Alimpa karatasi ya taratibu za hekaluni, iliyoandikwa na mama msimamizi wa hekalu, aisome na kuwafunza wenzake. Basi kichwa kikamvimba! Upande wa kwanza aliukariri mbele ya kioo mpaka mdogo wake naye akaukariri. Upande wa pili hakuusoma hata neno. Mwalimu alipomuuliza, "Umeisoma yote?" alijibu bila kupepesa macho, "Yote, mwalimu."

"Mtu haendi kwa watu mikono mitupu," mamake alisema, akipanga sambusa thelathini kwenye hotpoti. Kisha akasita. "Lakini Wahindi wengi hawali nyama, mwanangu. Nisikukaangie za viazi?"

"Za viazi, mama! Watasema tumewabania."

"Hiyo karatasi yenu haisemi kitu kuhusu chakula?"

"Wallahi haisemi."

"Haya. Ukishaapa, mimi sina neno," mamake akasema, akafunika hotpoti.

Walikwenda kwa miguu, wawili wawili. Nje ya lango, Mwalimu Kitsao aliwasimamisha. "Hatukuja kuabudu," aliwaambia. "Tumekuja kuwatembelea majirani, na kila nyumba ina adabu zake. Kiongozi, tuambie."

Mwanarehema akasogea mbele, akazimwaga taratibu zile kwa ghibu. Viatu vinavuliwa nje. Mikono na miguu inaoshwa. Mishipi ya ngozi na mikoba ya ngozi haiingii ndani, maana ngozi hutoka kwa mnyama aliyeuawa. Sauti inashushwa. Sanamu haziguswi, na ukikaa chini usizinyooshee nyayo. Wenzake walimpigia makofi, naye akajiona mrefu kuliko lango lenyewe.

Wa kwanza kupata taabu alikuwa Griffin. Kaptura yake ilikuwa ya kakake mkubwa, na kilichoishikilia kiunoni kilikuwa mshipi wa ngozi. Alipouvua na kuuacha karibu na viatu, ilimbidi aishike kaptura kwa mkono mmoja ziara nzima. "Msinichekeshe," aliwaonya wenzake. "Nikicheka, nimeumbuka."

Mlangoni walipokelewa na Bi Hansa, yule mama msimamizi, mfupi, mwenye sari ya rangi ya manjano na Kiswahili cha mtu aliyezaliwa pwani.

"Shikamoo, Bi Hansa," walisema kwa pamoja.

"Marahaba, wanangu. Karibuni." Akaiona hotpoti. "Na hii?"

"Sambusa kutoka kwa mama," Mwanarehema alijibu kwa fahari. "Zawadi yenu."

"Jamani! Mama yako ametuheshimu sana. Kila Alhamisi wazee wetu hula pamoja hapa baada ya sala. Karatasi yangu mmeisoma, kwa hiyo sina wasiwasi." Akaipeleka jikoni kwa mikono miwili, na uso wake ulijaa furaha.

Ndani sakafu ilikuwa baridi na safi, na udi ulinukia kama wa nyumbani siku ya harusi. Waliokuja kusali waligonga kengele iliyoning'inia mlangoni, wakaunganisha viganja kifuani, wakainama. Walizunguka madhabahu wakiiweka upande wao wa kulia. Watoto waliketi nyuma, miguu wameikunja vizuri, kimya kabisa. Hata wale wasumbufu wa darasa walitulia, na Mwalimu Kitsao alimtazama Mwanarehema akamwinamishia kichwa kumsifu.

Sala ilipokwisha, Bi Hansa alikuja kuketi nao. Aliwaonyesha ajuza mmoja aliyekuwa akinawa mikono tayari kwa chakula. "Yule ni Mama Kanta. Ana miaka themanini na minne. Tangu azaliwe hajaonja nyama wala yai. Kwetu sisi kutoua ni ibada. Jiko letu hili, tangu lijengwe, nyama haijaingia. Ndiyo maana niliiweka taratibu hiyo juu kabisa, upande wa nyuma wa ile karatasi, ule wa mambo ya chakula."

 Mwanarehema akaitoa karatasi mfukoni polepole, akaigeuza. Ilikuwepo. Mstari wa kwanza kabisa.

Griffin, aliyekaa ubavuni mwake, aliisoma pia. Macho yalimtoka. "Nyamaza tu," akanong'ona. "Viungo ni vile vile. Nani atajua?"

Kweli, nani angejua? Kama angesema, darasa zima lingejua kwamba kiongozi ni mwongo. Mwalimu hangemwamini tena. Aibu ingefika nyumbani kabla yake. Kama angenyamaza, angerudi shuleni na sifa zake zote. Mlango wa jikoni ulifunguliwa. Mama mmoja alitoka na sinia, na juu ya sinia, zimepangwa vizuri kama alivyozikunja yeye mwenyewe, zilikuwa sambusa. Alikuwa anaelekea kwa Mama Kanta.

Mwanarehema akasimama. Alisahau kushusha sauti.

"Wasile! Bi Hansa, zile sambusa zina nyama!"

Kila mtu aligeuka. Mama mwenye sinia aliganda pale pale. Mwanarehema alitamani ardhi immeze, lakini alikuwa ameshaanza, akaona amalize.

"Kosa ni langu. Mama aliniuliza, nikamwapia kwamba karatasi haisemi kitu. Mwalimu aliniuliza, nikasema nimeisoma yote. Nilisoma upande mmoja tu. Nisameheni."

Bi Hansa hakupiga kelele. Alilichukua lile sinia, akalitoa nje ya lango yeye mwenyewe, peku peku. Aliporudi, uso wake ulikuwa mzito. "Jiko itabidi lioshwe lote," alisema. "Meza, sakafu, vyombo. Wazee watasubiri."

"Naomba nioshe mimi," Mwanarehema alisema.

"Tutaosha sote," alisema Mwalimu Kitsao, na hakuwa anatabasamu. "Kiongozi akikosea, safari nzima imekosea."

Walisugua kwa muda mrefu. Wazee walisubiri kwa njaa, na hakuna aliyenung'unika, jambo lililomuuma Mwanarehema kuliko kukaripiwa. Griffin alisugua kwa mkono mmoja, wa pili ukiilinda kaptura, mpaka Bi Hansa akamhurumia akamletea kamba ya katani. Hapo ndipo alipocheka, na jiko zima likacheka naye.

Chakula kilipoandaliwa upya, Mama Kanta alikataa kuketi. Alikuja polepole, akishika ukuta, mpaka mbele ya Mwanarehema. Mwanarehema akaharakisha kumwamkia shikamoo.  Ajuza aliunganisha viganja vyake vilivyokunjamana, akauinamisha mgongo wake wa miaka themanini na minne mbele ya msichana wa miaka kumi na miwili. Mwanarehema alibubujikwa na machozi.

"Amekushukuru," Bi Hansa alieleza, naye akijipangusa macho. "Ni kama anasema umemlindia nadhiri yake ya maisha, na wewe si wa dini yake."

Nje ya lango, walipokuwa wakivaa viatu, Mwanarehema alimwendea mwalimu wake. "Mwalimu, mchague kiongozi mwingine wa safari ijayo. Mimi nimeiaibisha shule."

Mwalimu Kitsao aliwaita wote wakamzunguka.

"Uongo wake ulikuwa mdogo," alisema, "wa kusema amesoma ambacho hakusoma. Wangapi kati yenu hamjawahi kunidanganya hivyo?" Hakuna aliyenyoosha mkono. "Basi mmeona leo unavyoweza kufika mdomoni mwa ajuza asiye na hatia. Adabu ya kwanza katika nyumba ya mwenzako ni kuwa mkweli. Kuvua viatu ni rahisi, kila mtu anaweza. Kuvua uongo mbele ya watu wote ndiyo kazi, na leo nimemwona mtu akiifanya."

Akamgeukia Mwanarehema. "Nyumbani utamweleza mama yako kila kitu, kwa kinywa chako. Kisha safari ijayo utaongoza wewe."

"Ndiyo, mwalimu," alijibu Mwanarehema, akajifuta uso, akaenda kusimama mbele ya mstari.