Maji ya Bibi Ntirampeba

Kila jioni, akishamaliza kumwagilia bustani ya shule, Josepha alijitwika debe akashuka bondeni. Maji hayo hayakuwa ya kwao. Ya kwao aliyachota alfajiri. Yalikuwa ya Bibi Ntirampeba, mjane aliyevunjika mguu, ambaye tangu aruhusiwe kutoka hospitali ya misheni pale Kabanga alitembea kwa magongo. Hakuna aliyemtuma Josepha. Siku moja alipita akaona mtungi wa bibi hauna kitu, basi akaanza.

Rafiki yake Skolastika alimsindikiza mara nyingi. Wakifika kisimani, Skolastika aliketi juu ya jiwe akapiga soga mpaka debe lijae. Kisha walipandisha mlima, Josepha na debe lake, Skolastika na maneno yake, mpaka njia panda; kwa bibi Josepha aliingia peke yake. Josepha hakuona ubaya. Alimpenda.

Ikatokea Josepha akaugua malaria. Josepha akiwa bado kitandani, mwalimu mkuu, Mwalimu Tharsisi, aliuliza mstarini ni nani anayemchotea maji yule mjane. Shule ilitakiwa kumpeleka Kigoma, kwenye sherehe za Saba Saba, mtoto mmoja anayejitolea kusaidia watu. Skolastika alinyoosha mkono. "Ni mimi, mwalimu," akasema.

Josepha aliporudi shuleni alizikuta habari hizo. Alimfuata rafiki yake nyuma ya darasa.

"Skola, umesema ni wewe?"

"Si tulikuwa tunakwenda wote?"

"Maji alibeba nani?"

Skolastika aliinamisha kichwa. "Mimi sijawahi kuliona ziwa la huko Kigoma," akasema polepole.

Hata Josepha hakuwahi kuliona. Alitaka kwenda kwa mwalimu mkuu, lakini akaishia mlangoni. Nani angemwamini, na kijiji kizima kiliwaona wote wawili wakishuka bondeni? Lori la kwenda Kigoma lilipoondoka na mwalimu mkuu, Skolastika alimpungia mkono. Josepha aligeuka upande wa pili. Jioni ile alipita mlangoni kwa bibi bila kusimama. "Akachote mwenye sifa zake," alijisemea. Kesho yake akapita tena, na keshokutwa.

Jirani wa bibi alikuwa Mwalimu Hansa, mwalimu wa sayansi, Mhindu aliyehamishiwa huku kutoka Tanga. Ndiye aliyemkuta bibi ameanguka kwenye njia ya kisima, viganja vimechubuka, debe tupu limebingirika hadi chini. Alimsaidia kurudi nyumbani, akamfunga vidonda, kisha akamwita Josepha kwake.

Mezani palikuwa na picha ya Krishna, ambaye Wahindu humwabudu, taa ndogo ya mafuta na ua bichi. Josepha alieleza yote.

"Umeonewa," Mwalimu Hansa alisema. "Lakini bibi alikukosea nini?"

Josepha alilitazama lile ua.

"Katika dini yetu, mama alinifundisha hivi: kazi ni yangu, matunda yake si yangu. Kila asubuhi naweka ua hapa na kumwambia Mungu, kazi ya leo nakutolea wewe. Watu wakinisifu au wasiponisifu, nimekwisha kukupa."

"Kwa hiyo uongo wa Skola tuuache, mwalimu?"

"Hapana. Uongo ni uongo, na mwalimu mkuu akirudi nitamweleza. Lakini kiu ya bibi haiwezi kungoja."

"Nina hasira."

"Basi beba maji na hasira yako. Mpe Mungu vyote viwili."

Josepha alipofika na debe, bibi alijiinua kitandani. "Mjukuu wangu, umepona? Nilidhani homa imekurudia. Nimekuombea kila siku." Josepha aligeukia mtungi, akamimina maji taratibu ili bibi asiyaone machozi yake.

Msafara uliporudi kutoka Kigoma, Mwalimu Hansa alisema aliyoyajua. Mwalimu Tharsisi aliwachukua wasichana wote wawili hadi kwa bibi. Bibi alimpokea Josepha kwa mikono miwili, kisha akamtazama Skolastika.

"Na huyu ni mtoto wa nani?"

Skolastika alifunika uso akalia. Kesho yake alikiri mstarini, na mwalimu mkuu akamwomba Josepha radhi mbele ya shule nzima. Tangu siku hiyo Skolastika naye alibeba debe. Walishuka bondeni pamoja, lakini kwa muda mrefu hawakuzungumza.

"Bado inaniuma, mwalimu," Josepha alisema jioni moja.

"Itauma," Mwalimu Hansa akajibu. "Aliyekuumiza ni rafiki, si mgeni. Hata hivyo, tenda jema kwa sababu ni jema, ukimaliza umwachie Mungu. Ulichokwisha kumkabidhi yeye, hakuna mtu awezaye kukuibia."