Siku Shemeji Alipougeukia Ukuta

Fundi cherehani aliishi na mumewe, fundi viatu, na mdogo wake wa kike aliyepiga pasi kwa dobi. Mume alipenda kudadisi. Mtaani walimwita Bwana Kwanini.

Asubuhi moja mdogo mtu hakwenda kazini. Alilala ameugeukia ukuta. Chai ikapoa. Dada yake alipomkalia karibu, alisema polepole, "Jana mchana msimamizi wetu kazini alinifungia kwenye stoo ya mashuka. Akanibaka."

Dada akamkumbatia. Mume alikuwa mlangoni. "Kwanini uliingia peke yako? Kwanini hukupiga kelele?"

Mkewe akamkata jicho, kisha akamwita jirani yao, nesi.

"Pole, mwanangu," nesi alisema. "Si kosa lako. Twende hospitali sasa hivi. Dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi huanzwa kabla saa sabini na mbili hazijapita. Ipo pia ya kuzuia mimba, na ya magonjwa ya zinaa."

"Nimeshaoga."

"Utatibiwa tu. Nguo za jana usizifue. Tuzitie kwenye mfuko wa karatasi, ni ushahidi."

Hospitalini, dada aliingia na mdogo wake kwa daktari. Nje, kwenye benchi, Bwana Kwanini alishindwa kuvumilia.

"Nesi, nieleweshe. Mbona hakupiga kelele?"

"Hofu huugandisha mwili. Wengi hukosa hata sauti."

"Na nguo? Watu husema ni nguo."

"Alivaa aproni ya kazi! Mbakaji humtafuta mtu asiye na wa kumsikiliza. Yule msimamizi ana cheo, tena ana ufunguo. Mbona hujauliza kwanini yeye alifunga mlango?"

Fundi viatu akainamisha kichwa. Baadaye akauliza, "Atapona?"

"Mwili huwahi kupona. Moyo huchelewa. Usingizi hupotea, mtu hujitenga, huacha kazi. Tukimlaumu, tunamtonesha."

Mlango ulipofunguliwa, fundi viatu alisimama. "Shemeji, nisamehe. Nilimuuliza asiyestahili kuulizwa. Unataka tukaripoti polisi, au tusubiri?"

Shemeji aliushika mkono wa dada yake. "Twende."

Polisi walipochunguza, waligundua kuwa wanawake wawili walikuwa wameacha kazi pale kwa dobi ghafla, bila kuaga. Walipotafutwa, hadithi yao ilikuwa ileile. Kila mmoja alikuwa amedhani yuko peke yake. Wote watatu walitoa ushahidi, na msimamizi akafungwa.

Vipimo vya baada ya miezi mitatu vilionyesha kuwa shemeji hana virusi. Kila Jumanne alikwenda kwa mshauri nasaha. Ndoto mbaya zilipungua, ingawa hazikuisha. Akaanza kupiga pasi nguo za wateja wa dada yake.

Siku moja mwanamke asiyemfahamu alisimama kizingitini. Hakuwa na nguo ya kushona; alikuwa amesikia habari za kesi. Alishika fremu ya mlango, machozi yakimlengalenga.

Shemeji akazima pasi, akamvutia kiti.

"Karibu, dada. Kaa. Sema unapotaka. Mimi nitakuamini."