Wimbo Uliokatika Saa Nne

Ukumbi wa vitambulisho ulijaa hadi watu wakawa kama wanapumua kwa zamu. Pini alikuwa wa thelathini na kitu kwenye foleni, gauni lake la njano limemkaa kama amezaliwa nalo, hedifoni masikioni, macho kayafumba. Alikuwa anaimba. Yeye alidhani anaimba kimoyomoyo. Ukumbi mzima ulijua vinginevyo.

Mtu akamsukuma, waya ukachomoka, na simu iliyokuwa inabembeleza mapenzi ikapaza sauti: "Je, tumbo lako linanguruma mbele za wageni? Usione haya!"

Watu wakacheka hadi karani akachungulia dirishani.

"Pole na tumbo, dada," ikasema sauti ya juu sana nyuma yake.

Pini akageuka, akakutana na kifungo cha ovaroli ya bluu yenye madoa ya grisi. Ilibidi akunje shingo kuitafuta sura.

"Si tumbo langu! Ni tangazo!"

"Wote husema hivyo."

"Kaka, urefu wote huo, akili imeishia magotini?"

"Ikipanda huku juu inapata kizunguzungu. Lakini usijali, mimi ni fundi lifti, nitaipandisha polepole."

Alitaka kununa. Midomo ikamsaliti, akacheka. Hadi walipofika dirishani, mwanamume alishajua kwamba dada huyu anashona kwa shangazi yake, na anaitwa Pini kwa sababu huongea na pini mdomoni. Pini naye alishajua kwamba wenzake humwita huyu Ghorofa, na sababu haikuhitaji maelezo.

"Programu yako ya muziki ni ya bure ndiyo maana inakuaibisha," Ghorofa akasema. "Yangu haina matangazo. Ingia kwa jina langu, usikilize. Mchana mimi niko ndani ya shimo la lifti, mtandao haufiki. Itakuwa yako peke yako."

Akamwandikia neno la siri nyuma ya risiti.

"Makubwa," alisema shangazi siku ile, akiitazama risiti juu ya miwani. "Wenzako huanza kwa maua. Wewe umeanza kwa neno la siri."

Neno hilo likafanya kazi. Pini alishona kola kwa nyimbo za taratibu na mapindo kwa nyimbo za haraka, na cherehani ikajifunza kucheza. Ghorofa akimaliza kazi anamtumia wimbo: "Sikiliza dakika ya pili, pale gitaa linapoomba msamaha." Pini anamrudishia mwingine: "Huu usikilize umekaa, usije ukaanguka na lifti ya watu." Miezi sita ikapita hivyo. Wakaafikiana kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi Ghorofa aje kwa shangazi, aseme alilonalo.

Jumatatu ya wiki hiyohiyo, saa nne kamili asubuhi, wimbo ukakatika katikati ya mkono wa gauni.

Programu ile ina tabia moja: jina moja, simu moja. Wa pili akibonyeza, wa kwanza ananyamazishwa. Kwenye kioo paliandikwa: Muziki unasikilizwa kwenye simu ya Kipenzi.

Pini akasoma mara tatu. Halafu akapiga.

"Haloo, Pini wangu," Ghorofa akaitika. "Umenikuta nimepanda juu kidogo kuchukua spana."

"Nani mwingine anatumia jina lako la muziki?"

"Hakuna. Mimi na wewe tu."

"Una hakika?"

"Kama ninavyolijua jina langu."

Jina lenyewe hakuna aliyelitumia tangu apate urefu ule, lakini tuyaache. Pini angesema tu, "Kipenzi ni nani?" yakaisha. Hakusema. Alitaka Ghorofa alitaje jina hilo mwenyewe. Aliwahi kuposwa na mwenye duka la viatu, akaja kugundua wameposwa watatu, kila mmoja na saizi yake. Tangu hapo aliapa hatamfundisha mwanamume cha kujibu. Sasa zilibaki siku tano, na hakujua kama Jumamosi amfungulie mtu mlango au amfungie.

Jumanne alimvizia mpinzani. Saa nne, wimbo ukakatika. Pini akabonyeza, akaurudisha. Ukakatika tena. Akarudisha. Mara saba! Mpinzani alikuwa na kidole kizito, anachelewa, lakini hakati tamaa.

"Na ona, shangazi, ana orodha yake humu! 'Za Kipenzi', nyimbo arobaini na moja. Zote za zamani, za enzi za suruali bwanga." Pini akaweka mkasi chini. "Shangazi, nimenyang'anywa na mtu mzima!"

"Watu wazima ndio wabaya," shangazi akasema kwa uzoefu.

Pini akabonyeza Futa. Orodha ikapotea kama haijawahi kuwepo. Mahali pake akatengeneza nyingine kwa jina lilelile, nyimbo tisa, zote za kumsuta mwizi wa waume za watu, moja kali kuliko nyingine. Shangazi, ambaye kwa umri wake alipaswa kumzuia, alichangia tatu.

Jumatano saa nne wimbo ulikatika kama kawaida. Pini akakunja mikono, akatabasamu, akamwacha mwenzake asikie.

Saa sita Ghorofa akapiga.

"Pini, sitaongea sana. Naomba ruhusa kazini, niende nyumbani. Baba kanipigia analia."

"Kapatwa na nini?"

"Anasema simu ya marehemu mama inamtukana."

Pini alikuwa na pini nne mdomoni. Alizitoa moja moja.

"Baba yako alimwitaje mama yako?"

"Kipenzi. Maisha yao yote. Mimi hata jina lake halisi nililisoma kwenye cheti. Kwa nini?"

"Na hiyo simu?"

"Nilijua iko kabatini tangu msiba. Kumbe tangu Jumatatu mzee kaitoa, anaichaji kwa siri, akiniona nimetoka anaingoja saa nne, saa waliyokuwa wanakaa pamoja. Mama aliumwa mwaka mzima, Pini, na mwaka mzima alikuwa anakusanya nyimbo zake, wimbo kwa wimbo, kwa jina langu hilohilo, mimi nikimtafutia. Sasa hazipo."

"Ghorofa, ni mimi."

Akamweleza yote, na zile mara saba pia. Upande wa pili zilisikika nyaya za lifti zikilia.

"Umefuta nyimbo za mama," akasema hatimaye. Akakata.

Hakupiga jioni. Hakupiga Alhamisi. Pini aliuliza kila ajuaye simu, wote jibu moja: programu ile ukifuta, umefuta. Ijumaa alishona mkono wa kushoto upande wa kulia, wa mteja asiye na subira.

"Kesho hatakuja, shangazi."

"Basi nenda wewe. Miguu si unayo?"

"Nikaseme nini?"

"Ungejua cha kusema ungekuwa umeshaenda Jumatano."

Jumamosi asubuhi akavaa gauni la kijani asilolipenda, ili asijione mzuri, akaenda kugonga kwa kina Ghorofa. Akafungua mzee mwembamba, shati limepigwa pasi vizuri na kufungwa vifungo vibaya.

"Ni wewe uliyeniita mwizi wa waume za watu?"

"Shikamoo, baba. Ni mimi. Nisamehe."

"Marahaba. Nina miaka sabini na sita, binti, sijawahi kusingiziwa kitu cha raha namna hiyo." Akacheka, kisha uso ukamrudi chini. "Lakini zile nyingine nilizizoea."

"Unazikumbuka, baba?"

"Kwa mpangilio wake."

"Basi nitajie. Nazitafuta moja moja, hata kama tutalala hapa."

Wakakaa mkekani, simu ya Kipenzi katikati. Mzee akiwa hana jina la wimbo anaimba kipande, Pini anaandika maneno, simu inatafuta. Wakipata, mzee anapiga goti lake kofi. Ghorofa alikuwa jikoni, anaosha kikombe kimoja kwa muda ambao ungetosha kuosha vyombo vya harusi.

"Wa saba ni ule wa mpenzi wa posta," mzee akasema.

"Hapana, baba," ikatoka sauti jikoni. "Wa saba ni ule wa filimbi. Wa posta ni wa nane."

"Njoo uthibitishe basi, unapiga kelele umejificha."

Ghorofa akaja, akakaa mbali. Kufika wimbo wa kumi na tano alikuwa karibu. Wa ishirini, akasema, "Ungeniuliza tu, Kipenzi ni nani."

"Ungenijibu ni mama yako. Nani angeamini?"

"Mimi ningeamini," mzee akasema. "Endelea kuandika."

"Nilikuogopa," Pini akamwambia Ghorofa, bila kuinua macho. "Nilikuogopa kwa makosa ya mtu mwingine."

"Na mimi nilikukatia simu siku tatu. Hilo halikuwa kosa la mtu mwingine." Akamsogezea kikombe kile kilichosafishwa hadi kikakaribia kutoboka. "Kunywa maji."

Wakafika arobaini. Wa mwisho ukagoma. Mzee akafumba macho, akaimba sauti mbili tatu, akaacha. Akajaribu tena. Ghorofa naye hakuukumbuka.

"Umeondoka naye huo," mzee akasema taratibu. Akaisukuma simu kwa Pini. "Nafasi isibaki wazi. Weka wako."

"Baba, hizi ni za mama."

"Najua za nani. Weka."

Pini akatafuta wimbo mmoja wa taratibu, mpya, wa sauti ya mwanamke na kinanda tu. Akabonyeza. Chumba kikajaa.

"Pini," Ghorofa akaanza, "leo ni Jumamosi. Nilikuwa nije kwa shangazi nimwombe—"

"Nyamaza wewe," baba yake akamkata, kainamisha sikio kwenye simu. "Mwache mama yako asikie. Huu hajawahi kuusikia."

Ghorofa akanyamaza, mdomo umebaki wazi na ombi lake ndani. Wimbo ulikuwa wa dakika nne na nusu. Pini alishamwitikia kwa kichwa katika dakika ya kwanza.