Shokapu Kutoka Kitale

Nilifika Kitale jua likiwa limeshagusa mapaa ya maduka. Mvua ilikuwa imetuchelewesha Kamukuywa, na matope ya mtaani yalinuka dizeli na mahindi ya kuchoma. Nilikuwa na kazi moja tu: kutafuta shokapu za mbele za pikipiki ya mke wangu.

Mke wangu, Phelista, ni muuguzi katika zahanati moja iliyo mbele kidogo ya Chwele. Abiria wa Bungoma bado wanabebwa kwa baiskeli, na pikipiki ni chombo cha padri, cha afisa wa kilimo, na cha watu wachache kama yeye. Huiendesha boma hadi boma kuzalisha akina mama. Wiki hiyo aliingia shimoni, na zile bomba mbili zinazoshika gurudumu la mbele zikapinda zote. Mpya hazikupatikana. Na ng'ambo ya mto, mahali ambapo gari halifiki, kulikuwa na msichana mwenye mimba ya mapacha aliyekuwa anamtegemea yeye tu.

Mimi ni fundi. Najua shokapu ya pikipiki moja inaweza kukaa kwenye nyingine hata kama watengenezaji hawakukusudia hivyo. Unatazama unene wa bomba, urefu, tundu la ekseli, na mahali breki inaposhika. Hivyo vikikubali, mengine ni rangi tu.

Muuzaji alikuwa mzee Sharif, ambaye uwanja wake wa pikipiki zilizofunguliwa uko nyuma ya msikiti. Alikuwa anajiandaa kutia udhu.

"Fundi wa Bungoma," alisema. "Nyinyi mnakuja saa ya watu kufunga."

"Mvua, mzee."

"Mvua ndio kisingizio cha Wabukusu tangu nizaliwe."

Nilimwonyesha moja ya zile zilizopinda. Aliigeuza mkononi. Kisha akaingia stoo, akafunga mlango nusu ili afike nyuma yake, akatoka na blanketi kuukuu. Alikuwa amelikumbatia kifuani. Ndani yake kulikuwa na shokapu mbili zilizopakwa rangi nyeusi, zimefungwa pamoja kwa kipande cha tyubu.

Nilipima. Unene sawa. Urefu sawa. Ekseli ilipita bila kulazimishwa.

"Ni za pikipiki gani?"

"Si ya aina ya hiyo yako."

"Naona. Lakini zinakubali."

"Basi chukua."

Aliponikabidhi, alisema kwa sauti ya chini, "Pole."

Nilidhani ananiambia mimi.

Nilizifunga kesho yake, zikakaa vizuri kuliko nilivyotarajia. Phelista aliijaribu hadi Kanduyi na kurudi, akasema hajawahi kuendesha kitu laini namna hiyo. Jioni niliiegemeza kwa stendi ya pembeni ndani ya banda, karibu na jikoni, nikaenda kunawa mikono.

Psss...

Kila fundi anaijua sauti hiyo. Ni mafuta yakipita kwenye tundu dogo ndani ya shokapu mtu anapoikalia pikipiki. Niligeuka nikidhani ni jirani anayecheza.

Hapakuwa na mtu.

Lakini mbele ya pikipiki ilikuwa imeshuka. Imeshuka vile inavyoshuka mwanamume mzima anapoweka viwiko juu ya usukani na kupumzika.

"Nani hapo?"

Polepole ikapanda. Harufu ya petroli na udongo mbichi ikanipita, ikaelekea mlangoni.

Nilijiambia ni hewa iliyobaki ndani. Hata hivyo nilifanya jambo ambalo sisi mafundi hufanya tukitaka kujua shokapu inashuka kiasi gani: nilifunga kijipete cha mpira kwenye bomba, chini kabisa. Pikipiki ikishuka, kile kijipete husukumwa juu na kubaki pale. Nikafunga banda kwa kufuli, ufunguo nikalala nao.

Asubuhi kijipete kilikuwa juu kabisa. Ili kifike pale, lazima mtu mzito awe amebana breki kwa nguvu zake zote, mbio zikiwa kubwa.

Sikumwambia Phelista. Siku chache baadaye, yeye ndiye aliyeniambia.

"Baba Hesbon, hii kitu inavuta."

"Inavuta wapi?"

"Kushoto. Lakini si kila mahali. Ni pale Chwele tu, njia ya Lwakhakha inapoanzia. Na ni jioni tu."

"Nitaangalia gurudumu."

"Angalia. Lakini gurudumu gani hilo linajua saa?"

Nililegeza kila kitu, nikavuta uzi kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, nikakaza upya. Hakuna kilichokuwa kimekaa upande.

Siku iliyofuata alirudi kwa miguu akiisukuma, sketi imejaa tope, viatu mkononi. Aliketi kwenye ngazi ya jikoni. Nilimpa maji. Hakuyanywa.

"Kulikuwa na trekta ya miwa," alinong'ona. "Nikataka kuipisha. Usukani ukakataa. Ukaenda kushoto, ukarudi kulia, kushoto tena... kama watoto wawili wananyang'anyana kitu. Trekta ikapita hapa." Aliweka kiganja karibu na sikio. "Sikia, sitaki useme nimechoka. Kuna mtu alikuwa amekaa mbele yangu."

"Ulimwona?"

"Hapana. Lakini kutoka Chwele mpaka nilipoanguka, upepo haukunifikia usoni."

Nilimwambia hataipanda tena.

"Na yule msichana wa mapacha?"

Nilichukua viatu vyake nikaanza kuvikwangua tope.

"Basi enda uulize hiyo kitu ilitoka wapi," alisema. "Mimi siwezi kumwambia angoje."

Asubuhi nilikuwa kwa Sharif kabla hajafungua. Hakuuliza kilichonileta. Alivuta kigoda akanipa, yeye akabaki amesimama.

"Ni za kijana aliitwa Walubengo," alisema. "Wa kule karibu na Lwakhakha. Alianguka na pikipiki, akafa hapo hapo njiani. Mimi niliinunua ikiwa imeharibika, nikaifungua. Halafu mama yake akaja hapa na tawi la mti."

Hilo la tawi nalijua. Kwetu, mtu akifia barabarani, jamaa zake huenda mahali alipoangukia. Humwita kwa jina, humwambia twende nyumbani, na tawi hubebwa hadi bomani bila kuwekwa chini. Asiyeitwa hubaki pale pale, akishangaa wenzake wameenda wapi. Wengine wanasema ni ushirikina. Mimi sijui. Nimewaona watu wenye digrii wakilishika tawi hilo kwa mikono yote miwili.

"Aliniambia walimwita, lakini tawi lilibaki jepesi," Sharif akaendelea. "Akafikiri mtoto amekwama kwa pikipiki. Nikamwambia vipande vimeshatawanyika, na kweli vilikuwa vimetawanyika. Hizo za mbele zilikuwa nyuma ya mlango. Sikuzikumbuka. Wallahi, fundi, sikuzikumbuka."

"Mbona hukuniambia siku ile?"

"Ningekuambia nini? Ati shokapu inapumua?" Alitazama mlango wa stoo. "Mimi ni Mwislamu. Hayo ya tawi si ya kwetu. Lakini kila magharibi nikifunga, nilisikia. Nilitamani mtu yeyote azitoe hapa. Ukaja wewe."

Sikumlaumu. Ningekuwa mimi, huenda ningefanya vivyo hivyo, na huenda nisingesema hata hiyo pole.

Tuliondoka alasiri ile ile, mimi na Phelista, mimi nikiendesha. Zile shokapu za zamani nilikuwa nimezinyoosha kwa moto na nyundo. Hazikuwa za kuaminiwa kwa mbio, ila zingeweza kuturudisha nyumbani polepole. Tulizifunga nyuma pamoja na spana zangu.

Pale Chwele nililegeza mikono. Pikipiki iliinama kushoto yenyewe, taratibu, ikashika njia ya Lwakhakha. Tulipita mashimo bila kuyasikia. Mara moja tu usukani ulitikisika kuelekea kulia, kwa nguvu, karibu uniponyoke. Nikasema ni jiwe.

Jua lilikuwa linazama tulipoelekezwa bomani. Hatukuhitaji kubisha. Mama mmoja mzee, ambaye baadaye tulijua anaitwa Wilkista, alikuwa ameshatoka nje, kichwa amekiinamisha upande, akiisikiliza injini.

"Izime," aliniambia. "Nilikuwa najua atakuja na hiyo sauti."

Nikazima. Tukashuka. Mbele ya pikipiki haikupanda tuliposhuka. Ilibaki chini. Mama Wilkista aliiona. Alikwenda kando ya nyumba, akavunja tawi, akarudi, akalilaza juu ya usukani kwa upole.

"Walubengo. Mwana wangu. Umechelewa sana. Ingia ndani, watu walishakula lakini chako kiko."

Psss...

Mbele ikapanda. Na lile tawi, jembamba kama kidole, likainama katikati kama limetundikwa ndoo. Mama alilishika kwa mikono miwili, akaegemea nyuma kidogo kwa uzito, akaliingiza ndani. Tulimsikia akiongea mle, sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayemgombeza mtoto aliyechelewa.

Phelista alikuwa analia bila sauti. Nikamwambia tufanye haraka, tumwachie vitu vya mtoto wake kabla ya giza. Nikainua pikipiki juu ya gogo, nikatoa gurudumu, nikalegeza shokapu moja. Ilitoka imenyooka kwa urefu wake wote, kama inavyopaswa, kwa sababu ndani kuna springi inayoisukuma.

Nikatoa ya pili.

Ilikuwa fupi.

Ilikuwa imebanwa hadi mwisho, na hakuna kitu kilichokuwa kinaibana. Niliishika huku, Phelista akaishika kule, tukavuta. Haikusogea. Niliigonga chini, nayo ikabaki vile vile.

Nikatoa kisu nikakwangua rangi nyeusi kwenye zote mbili, nikazileta kwenye mwanga uliobaki. Ya kwanza ilikuwa na alama za namba zilizogongwa chini. Ya pili ilikuwa na alama nyingine, na chuma chake kilikuwa cha rangi nyingine. Zilitoka kwenye pikipiki mbili za aina tofauti. Fundi fulani kabla yangu alipima unene, akapima urefu, akaona vinakubali, akaziunganisha na kuzipaka rangi moja.

Nilimkumbuka Phelista akisema: kama watoto wawili wananyang'anyana kitu.

Mama Wilkista alikuwa amesimama nyuma yetu. Sikumsikia akitoka.

"Huyo si wangu," alisema.

"Ni wa nani, mama?"

"Anayemjua ni mama yake. Mimi siwezi kumwita, sina jina lake." Alirudi nyuma hatua moja. "Na msimwache hapa. Akisikia nikimwita Walubengo kila jioni, atajifunza kuitika."

Tulirudi kwa zile za zamani, mwendo wa mtu anayetembea. Shokapu ile fupi ilikuwa mapajani mwa Phelista. Tulipokaribia Chwele alininong'oneza mgongoni, "Anavuta mbele." Mbele ni Kimilili, ni mlima, ni Kitale, ni maelfu ya maboma.

Mapacha walizaliwa salama, wote wasichana. Phelista aliwafikia kwa zile shokapu zilizonyooshwa, na pikipiki haikuvuta upande wowote. Hilo namshukuru Mungu. Sharif naye alikaa na mimi nusu siku akijaribu kukumbuka, lakini pikipiki hufika kwake kutoka kila upande, na fundi aliyeunganisha zile shokapu hakupatikana. Kuichoma hatukuweza. Phelista alisema huwezi kumchoma mtu kwa sababu amepotea.

Kwa hiyo tuliisimamisha bandani, imeegemea ukuta, juu ya blanketi la Sharif. Phelista akienda maboma ya upande wa mlima huuliza kama kuna kijana aliyeangukia njiani na pikipiki. Huniletea majina. Jioni nasimama mlangoni nayataja, moja moja, na kusema twende nyumbani.

Mwanzoni haikusogea. Kisha, siku niliyosema Kibiwott, ilipanda upana wa kidole... ikasimama, kama inayosikiliza... ikashuka. Tulifurahi. Tulidhani tumekaribia. Lakini siku iliyofuata ilipanda vile vile kwa jina jingine la ukoo mwingine, na kesho yake kwa jingine, kila mara zaidi kidogo. Phelista aliniambia tuache. Nikamwambia jina moja tu zaidi.

Leo magharibi sikutaja jina lolote la wafu. Taa ya bandani ilikuwa imeishiwa mafuta, nikataka Phelista aniletee nyingine. Mgongo wangu ulikuwa umeielekea ile shokapu. Nikaita kuelekea jikoni, kama mtu anavyomwita mkewe kila siku.

"Phelista. Njoo."

Psss...

Nilipogeuka ilikuwa imenyooka yote, kama ile ya Walubengo baada ya kuitwa: ameitika jina la mke wangu.

Alikuja na taa, akauliza mbona nimesimama hivyo. Nikasema mgongo unauma. Nilikuwa nimeshaifunika na blanketi. Sasa amelala, na viatu vyake vya safari viko mlangoni, kwa sababu asubuhi ana mama anamngoja kule ng'ambo ya mto, na sijajua nitamwambiaje asiende.