Forodha ya Bahati

Simu ilikuwa mahali pake juu ya katoni ya sabuni, betri imejaa, kioo hakina hata mkwaruzo. Kilichoibwa ni kilichokuwa ndani yake: dola mia sita, nauli ya watu wawili.

"Mwizi wa ajabu," alisema Inspekta Clothilde Bolila akiigeuza simu kwa leso. "Amekula yai, ameacha ganda zima."

Kavugho, mwenye duka, alikuwa amekaza kitenge kiunoni kama mtu anayesubiri ngumi ya kwanza. Alikuwa mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, miaka ishirini sasa Kisangani, na sokoni walimjua kwa mambo mawili: bei nzuri na hasira za karibu.

"Hadithi iko fupi, Mama Inspekta," alisema. "Hii simu ndiyo sanduku yetu. Ndugu zetu wa soko walichanga humu. Papa na mama walikimbia vita, wako Lubero, wanalala mu darasa ya shule. Papa anakohoa damu. Kesho saa sita mchana tunapaswa kulipa viti viwili vya ndege ya Jumamosi, ya kuwaleta hapa. Tusipolipa, bon, vinauzwa kwa wengine."

"Na barabara?"

"Barabara gani tena? Nani atapita kule sasa?"

Clothilde hakuuliza zaidi. Nyumba yake mwenyewe, ng'ambo ya mto huko Lubunga, ilikuwa imechomwa mwaka uliotangulia, na tangu hapo alikuwa mgeni kwa binamu yake, analala sebuleni na viatu chini ya mto wa kulalia. Mtu akimwambia vita, haombi maelezo.

"Nani anajua namba ya siri?"

"Watu watatu. Mimi, yaya Ambroise, na huyu." Kidevu cha Kavugho kilielekea kona ya duka.

Huyo alikuwa Précieuse, msaidizi wa duka, binti wa wavuvi wa Wagenia wanaotega samaki kwenye maporomoko ya mto, macho yamevimba kwa kulia. Yaya Ambroise, yaani kaka mkubwa wa Kavugho, alikuwa ameketi juu ya gunia la maharage, kofia magotini. Ndiye aliyekuwa akienda mpakani Kasindi kutoa bidhaa za duka forodhani, mpaka vita vilipofunga njia. Mzee mpole, nadhifu, mtu wa kukunja karatasi mara nne kabla ya kuitia mfukoni.

"Sina haja ya upelelezi," Kavugho aliendelea. "Huyu mtoto anacheza kasino mu telefone. Nilimuona kwa macho yangu. Umufunge tu."

"Mama Kavugho, hasira hasara. Nikifunga mtu kwanza, halafu nitapeleleza nini?"

Alimtuma konstebo wake, Michel, mbio kwenye ofisi ya kampuni ya simu, na barua yenye mhuri: walete orodha ya miamala, na waizuie akaunti yoyote iliyopokea fedha hizo. Kisha akavuta kigoda, akakaa mbele ya Précieuse.

"Unacheza kasino?"

"Ndiyo, Mama."

"Una miaka mingapi?"

"Ishirini na mbili. Wanauliza. Bila kutuma picha ya kadi yako ya mpiga kura hawakufungulii. Mutoto hawezi kuingia."

"Ni ya halali?"

"Iko na kibali. Namba ya kibali iko chini kabisa ya ukurasa. Nilienda mu biro, ofisi yao ya hapa mujini, nikauliza kama ndiyo yao kweli, maana kuna wezi wanatengeneza ya uongo, rangi ileile."

Clothilde aliinua nyusi. Loo, binti huyu alikuwa mpelelezi kuliko nusu ya watu wa kituo chake!

"Unacheza kiasi gani?"

"Siku ya posho tu. Bei ya sahani moja ya mikate na maharage. Niliweka mupaka humo ndani. Ikifika, inajifunga yenyewe. Ikienda, imeenda, nalala njaa asubuhi moja. Sifuati ile imepotea."

"Umewahi kushinda?"

"Mara mbili." Kwa mara ya kwanza alitabasamu kidogo. "Nilinunulia papa kamba ya mitego."

"Ulilipa nini ili upewe ushindi wako?"

Précieuse alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama samaki hupanda miti. "Nilipe? Hapana, Mama. Wanakata yao mu ile umeshinda, inayobaki inaingia mu telefone yako. Mwenye kukuomba utume kwanza ndiyo upewe, huyo mwizi. Kila mutu anajua."

"Uongo mutupu!" alifoka Kavugho.

"Papa yangu anasimama mu maji ya maporomoko tangu mi sijazaliwa," Précieuse alisema, sauti ikikatika. "Mukinifunga, atasema nini kwa wenzake? Atapita wapi?"

Clothilde alimpa ile leso. Moyo wake ulikuwa umeshamwelekea binti huyu, lakini moyo si ushahidi.

Michel alirudi anahema, karatasi mkononi. Miamala ilikuwa miwili, dola mia tatu kila mmoja. Wa kwanza Jumanne mchana, wa pili leo Alhamisi, saa mbili na dakika tano asubuhi. Yote kwa mpokeaji mmoja: Bahati ya Dhahabu. Fedha za Jumanne zilikwisha kutolewa siku ileile katika mji mwingine.

"Na za leo?" Clothilde aliuliza.

"Tumeziwahi, Inspekta. Hawajazitoa. Kampuni imezizuia, zitarudishwa hapa mapema kesho."

"Asante Mungu," alisema Kavugho, akaketi chini ghafla. "Donc basi ni kasino. Nilisema nini?"

Clothilde aliisoma karatasi tena. Kwenye nafasi ya sababu, aliyetuma alikuwa ameandika mara zote mbili: *Kulipa ili ushindi utolewe.*

Mtu aliyezoea kasino asingelipa. Binti alikuwa amesema sasa hivi, bila kujua kuna karatasi njiani: kila mtu anajua. Basi aliyelipa ni mtu ambaye hakuwahi kucheza maishani mwake, na ambaye aliona ni jambo la kawaida kabisa kulipa kwanza ili kilicho chake kiachiliwe.

Aligeuka taratibu kwenye gunia la maharage.

"Yaya Ambroise, hebu nifundishe kazi yako. Mzigo wa duka ukifika Kasindi, unafanya nini?"

"Nalipa forodha, Mama Inspekta."

"Kabla ya kuupata?"

"Kabla. Nani atakupa mzigo bila kulipa? Unauona pale, uko mbele ya macho, jina lako juu yake. Lakini hautoki."

"Ukilipa, wakasema kuna malipo mengine?"

"Kila mara kuna ya pili." Alijaribu kucheka. "Unalipa tu. Ukikataa ya pili, umepoteza na ya kwanza."

"Halafu?"

"Halafu wanakupa risiti."

Clothilde aliinama, akamwekea mkono gotini, karibu na kofia. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Na hawa wa Bahati ya Dhahabu, papa, risiti iko wapi?"

Kofia ilianguka sakafuni.

"Hawakunipa," alisema Ambroise. "Niliomba, Mama Inspekta. Niliomba mara tatu. Nilishangaa, ofisi gani haina risiti?"

Kavugho alifunika mdomo kwa viganja viwili.

"Tangu lini?"

"Jumapili. Tangazo lilikuja mu telefone yangu. Niliweka dola kumi zangu, za viatu. Nikashinda mia tisa! Niliziona, jina langu juu yake. Nikasema Mungu amesikia. Jumanne wakaniambia nilipe kodi, mia tatu, zitoke. Nikachukua humu, nikijua jioni nitarudisha. Jana wakasema bado mia tatu ya mwisho."

"Waliuliza umri wako? Kitambulisho?"

"Hapana."

"Kibali chao ulikiona?"

"Kulikuwa na bendera," alisema kwa unyonge.

"Kwa nini, yaya?" Kavugho alilipuka. "Viti viwili vilikuwa tayari! Ulikosa nini?"

Ambroise alifuta uso kwa mkono wa shati. "Mama alinipigia Jumamosi. Kuna katoto, Bavon, miaka sita. Walikakuta njiani kanatembea peke yake, kameshika sufuria. Kanalala mugongoni mwa mama. Alisema hapandi ndege bila kale katoto, na kwamba nisikuambie, maana umeuza hata masanduku ya ndani ya nyumba. Nikatafuta peke yangu nauli ya katoto."

Mficha uchi hazai, wazee walisema, na mzee wa watu alikuwa ameuficha wake mpaka umezaa hasara. Clothilde alitaka kumkemea, akashindwa. Alitoa fomu ya maelezo.

"Huu ni wizi, Ambroise. Hawa matapeli nitawatafuta. Lakini mkono uliotuma ni wako, na uliacha mtoto wa watu asimangwe mbele yako."

"Najua. Nilikuwa nangoja zitoke, niseme." Aligeuka. "Précieuse, mutoto wangu, unisamehe."

Précieuse alijifuta macho kwa leso. Kavugho ndiye aliyekwenda kwenye kona, akamshika mabega, akasema, "Nilikukosea. Nilikukosea mbele ya watu, nakuomba samahani mbele ya watu." Kisha akachukua simu yake, akapiga Lubero, akaweka sauti ya nje.

Mama yao, Émilie, alisikiliza yote bila kukatiza. Nyuma yake mtu alikuwa akikohoa. Alipozungumza hakumuita Kavugho.

"Ambroise. Umekula leo?"

Mzee wa miaka hamsini na minane alianza kulia kama mtoto.

"Bon. Mutu amupe chakula. Kumebaki kiti kimoja?"

"Kimoja, mama," alisema Kavugho.

"Basi papa yenu apande, na kile kifua chake. Mimi nabaki na katoto."

"Mama, hapana!"

"Sema na hao polisi. Papa Henri hawezi kushuka ngazi ya ndege mwenyewe, na ni Ambroise pekee mwenye mugongo wa kumubeba. Wakimufunga, wamufunge Jumamosi ikisha kupita."

Kavugho aliketi juu ya gunia, ubavuni mwa kaka yake, na hakumwangalia, lakini hakuondoka.

Clothilde aliandika maelezo hadi mwisho, Ambroise akatia sahihi kwa mwandiko wake nadhifu. Alitakiwa kuripoti kituoni Jumatatu. Ikabaki nafasi moja tupu kwenye fomu, mahali pa kujaza sababu ya kosa. Konstebo Michel, akichungulia begani, alipendekeza waandike *tamaa*.

Clothilde alitikisa kichwa. Akaandika: *kiti cha tatu*.